Mashine Zifunzazo Viungo

Mkulima wa Songea akipatwa na kiharusi, jambo la ajabu huonekana. Jana aliinua jembe shambani. Leo mkono wake wa kuume umelala ubavuni kama usio wake, na mguu hautii amri. Ukiutazama mkono wenyewe hauna jeraha, wala mfupa haukuvunjika. Palipoharibika ni mbali na hapo, ndani ya fuvu la kichwa.

Ubongo ndio utoao amri kwa viungo vyote, nao huishi kwa damu. Mshipa wa damu ukizibika au ukipasuka, sehemu ya ubongo iliyokuwa ikilishwa nao hufa. Na kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo huutawala upande wa kuume wa mwili, na wa kuume huutawala wa kushoto, madhara huonekana upande wa pili. Walakini tumaini lipo. Sehemu zilizosalia zaweza kujifunza baadhi ya kazi za zile zilizokufa, kama vile mtoto ajifunzavyo kusimama na kutembea. Somo lao kubwa ni kurudia: mkono ujaribu kazi ile ile mara nyingi, kila siku, kwa majuma na miezi.

Kurudia huko huwachosha watu wawili, mgonjwa na tabibu wa viungo amsaidiaye. Mguu uliopooza ni mzito, na pengine huhitaji watu wawili kuusogeza hatua chache tu. Kwa sababu hiyo wataalamu walitafuta mashine isiyochoka. Katika miaka ya 1990, Neville Hogan na Hermano Igo Krebs wa chuo cha MIT, Marekani, waliwajaribia wagonjwa roboti iitwayo MIT-Manus. Mgonjwa huketi mezani, mkono wake umeshikizwa kwenye mpini wa roboti, na mbele yake pana kioo chenye alama. Kazi yake ni kuupeleka mpini mpaka kwenye alama. Akishindwa katikati ya njia, roboti humwongoza polepole hadi afike. Mashine nyingine, Lokomat, iliyobuniwa Uswisi, ni ya miguu. Mgonjwa huning'inizwa kwa mikanda ili uzito wa mwili upungue, na vyuma vyenye mota huisogeza miguu yake juu ya ukanda uendao.

Lakini mashine hujuaje wakati wa kusaidia na wakati wa kuacha? Hujua kwa vihisi. Kihisi ni kifaa kidogo kipimacho jambo na kulipeleka kwa kompyuta kama tarakimu. Kimoja hupima kiungo kimepinda kiasi gani; kingine hupima nguvu aitiayo mgonjwa mwenyewe. Hata simu ya mkononi ina kihisi kitambuacho mwendo, ndiyo maana picha hugeuka simu inapogeuzwa. Basi kompyuta ikiona mgonjwa amesukuma kwa nguvu zake, mashine yaweza kupunguza msaada. Tena huhesabu kila mwendo, hata maendeleo madogo yasiyoonekana kwa macho hujulikana.

Je, mashine ndiyo iponyayo? Swali hilo lilipimwa. Mwaka 2010 zilitolewa habari za uchunguzi wa Marekani juu ya watu 127 ambao mikono yao ilidhoofika kwa kiharusi. Waliotumia roboti walifanya wastani wa mwendo 1,024 katika kila kipindi. Kundi jingine lilifanya mazoezi mengi kama hayo kwa kusaidiwa na mikono ya watu, bila roboti. Makundi hayo mawili yaliendelea karibu sawasawa. Mwaka 2019 uchunguzi mwingine, wa watu 770 huko Uingereza, ulionyesha kwamba mazoezi ya roboti hayakuirudishia mikono kazi kuliko matunzo ya kawaida. Hivyo roboti ni msaidizi mwema asiyechoka, lakini hana dawa ya siri. Kazi ya kujifunza ni ya mgonjwa mwenyewe.

Habari hii yawahusu sana watu wa mahali kama Songea, kwa kuwa mashine hizo ni ghali na wengi hawajaiona hata moja. Mtu akipatwa na kiharusi apelekwe hospitali upesi, kama ile ya Peramiho au ya Mkoa mjini Songea, maana kila saa ina thamani. Baadaye jamaa wamwombe tabibu awafundishe mazoezi yampasayo. Wasiuvute mkono uliopooza wanapomwinua, kwani bega huumia kwa urahisi.

Nyumbani mara nyingi kosa huzaliwa na upendo. Wajukuu humlisha babu, humvika nguo, humshikia kikombe, na mkono wake hukaa bure mchana kutwa. Mkono usiotumiwa huzidi kusahau. Yafaa zaidi kumpa babu kazi aiwezayo: kupangusa meza kwa kitambaa, kusogeza kikombe, au kupukuchua mahindi kidogo. Mjukuu na aketi karibu na kuweka punje moja katika kikapu kwa kila mwendo. Jioni punje zihesabiwe, na hesabu iandikwe katika daftari, ili tabibu aione siku ya kurudi hospitali. Babu akichoka, apumzike, kisha aanze tena.

Kikombe kikianguka, babu asichekwe wala asinyang'anywe kazi yake. Haba na haba hujaza kibaba, na jaribio lililoshindwa nalo limeufundisha ubongo kitu.