Maji ya Kisima Kimoja

Leo tulitafakari neno dogo: "wale". Mtu akisema, "Wale ndivyo walivyo," amekwisha kuwahukumu maelfu ya watu asiowajua.

Chini ya mlima Longonot, upande wa Mai Mahiu, mwezi wa Januari 2005, wafugaji Wamaasai na wakulima Wakikuyu walipigana kwa ajili ya maji ya mto Ewaso Kedong. Watu zaidi ya kumi waliuawa, na wengi wakakimbia makwao. Ugomvi ulikuwa wa maji. Lakini silaha haikumwuliza mtu kama yeye ndiye aliyeyazuia. Kabila lake lilitosha kuwa hatia.

Je, chuki ya namna hii twazaliwa nayo? Mwaka 1954 mtaalamu wa saikolojia, Muzafer Sherif, na wenzake waliwapeleka wavulana 22 kambini Oklahoma, Marekani, wakawagawa makundi mawili. Wote walikuwa Wazungu, wa umri mmoja na dini moja. Wakashindanishwa katika michezo ili wapate zawadi. Siku chache tu, wakawa wanatukanana na kuchomeana bendera. Walipoketishwa kula pamoja, walirushiana chakula.

Ndipo wasimamizi wakayafunga maji ya kambi kwa siri. Makundi yote mawili yakaona kiu, yakaitafuta hitilafu pamoja. Baada ya kazi kadhaa za jinsi hiyo uadui ulipungua, hata wakapenda kurudi nyumbani kwa basi moja.

Basi, ndugu zangu, kuonana tu hakutoshi. Twaweza kukaa benchi moja Jumapili, na Jumatatu tukaitana "wale". Kinachosaidia ni kazi ambayo upande mmoja hauwezi kuimaliza peke yake: kwa mfano, kamati ya maji yenye watu wa pande zote, kila mmoja na sauti sawa. Tena, mtu akitukosea, tumtaje yeye, tusilitaje kabila lake.

Wayahudi hawakuchangamana na Wasamaria. Lakini Yesu, alipoketi kisimani, hakuanza kwa kumhubiria mwanamke Msamaria, alimwomba maji. Alikubali kuonekana mhitaji mbele yake.

Wewe msikilizaji, juma hili utamwomba jirani yupi wa kabila jingine akusaidie? Mungu awabariki.