Kuomba Si Kuagiza: Tupime Roho Kabla ya Kufungua Sanduku

Ilikuwa siku ya posho, saa tisa za mchana, katika kikundi chetu cha AVEC hapa Bukavu. Tulikuwa tumekwisha kuhesabu hisa, wenye funguo tatu wamekaa karibu na sanduku, na wakati wa mikopo ukafika. Mama mmoja, mchuuzi wa sambaza sokoni Kadutu, akasimama na kuomba dola 150. Katibu akamuuliza, kama desturi, ni za kazi gani. Hakujibu kwa mdomo. Alifungua kaye yake akatuonyesha.

Kurasa za kwanza zilikuwa na picha zilizokatwa katika kalenda za zamani: nyumba ya matofali yenye bati la buluu, gari jeupe, watoto wenye yunifomu safi. Chini ya picha, kwa mwandiko mzuri, sentensi moja tu: nyumba hii ni yangu, nimekwisha kuipokea. Asubuhi anaiandika mara tatu, mchana mara sita, usiku mara tisa. Mhubiri mmoja anayemsikia katika telefone, ambaye hajaonana naye hata siku moja, amemfundisha kwamba jambo ukiliona moyoni na kulitamka bila kusita, halina budi kudhihirika. Kumebaki kitu kimoja: kulitia muhuri kwa mbegu ya dola 150 kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo mlango utafungwa.

Tulinyamaza. Wengine wetu tulitaka kucheka, na leo tunaona haya kuliandika, maana mama huyu anapanga chumba kimoja cha mbao mlimani na kila mvua kubwa inapokuja halali, anasikiliza udongo. Nani hatatamani matofali? Mama mwingine alisema Amina kwa sauti. Mwenyekiti akasema hatutajibu leo, tutajibu siku ya posho ijayo.

Wiki ile tuliitumia kutafuta. Sisi tunaofundisha shuleni tulipewa kazi ya kuuliza fundisho hili limetoka wapi, kwa sababu wengi kati yetu tulidhani limetoka katika Biblia moja kwa moja.

Mzizi wake uko Marekani, katika karne ya 19. Kulikuwa na mtengeneza saa wa jimbo la Maine, Phineas Quimby, aliyefariki mwaka wa 1866, ambaye alifundisha kwamba ugonjwa unatoka katika imani mbaya ya mgonjwa, na kwamba ukisahihisha wazo, mwili unapona. Kutoka kwake na wenzake likazaliwa kundi la mafundisho lililoitwa Fikra Mpya: akili ya mtu inavuta kwake kile anachokiwaza. Wachunguzi wengi wanaona kwamba mawazo hayo yaliingia kanisani kupitia mhubiri E. W. Kenyon, na baadaye Kenneth Hagin, aliyefungua shule ya Biblia Oklahoma mwaka wa 1974. Nje ya kanisa yaliendelea njia yake, mpaka mwaka wa 2006 mwanamke wa Australia, Rhonda Byrne, akatoa filamu na kitabu kiitwacho The Secret, akaviita sheria ya mvuto. Kwa hiyo sauti ile ya telefone ya mama yetu ni mito miwili iliyokutana tena. Mmoja unasema «ulimwengu utakuletea», mwingine unasema «Mungu analazimika». Ukiangalia vizuri, katika yote miwili anayetoa amri ni wewe.

Hatusemi kwamba kila neno la matumaini ni uongo. Mama anayemwambia mtoto wake «utaweza» hafanyi uchawi. Na maandiko wanayoyataja wahubiri hao yapo kweli, tumeyasoma. Marko 11 inasema tuombe tukiamini tumepokea. Lakini Marko huyo huyo, sura ya 14, anatuonyesha Yesu akiomba kikombe kimwepuke, kisha akiyaacha mapenzi yake kwa Baba. Je, tuseme Yesu alikosa imani pale Gethsemane? Warumi 4 inazungumza juu ya kuyaita yasiyokuwako kana kwamba yako. Soma tena uone ni nani anayeita: ni Mungu, si Abrahamu. Waebrania 11, sura tunayoipenda, inaanza na imani kama uhakika wa mambo yatarajiwayo. Wengi wetu hatufiki mwisho wake, pale panapotajwa waliopigwa, waliofungwa, waliokufa bila kuipokea ahadi, nao wanasifiwa kwa imani ile ile.

Hapa inabidi tuungame jambo, kwa sababu mwalimu akisahihisha kaye za wengine na yake ichunguzwe.

Miaka michache iliyopita tulikuwa na wafinalisti wa darasa la sita la sekondari. Ili kuwatia moyo kabla ya mtihani wa serikali, tuliwaambia kila mmoja aandike asilimia anayoitaka kwenye karatasi, aibandike juu ya kitanda, aisome kila asubuhi. Tuliona ni jambo zuri, tulilisikia katika semina. Msichana mmoja aliandika 80. Aliisoma, aliitangaza, aliifungia siku tatu. Hesabu zilizokuwa zinamsumbua tangu mwaka wa tano hakuzigusa sana, maana kusoma kwa hofu, alisema, ni kukiri kushindwa. Alianguka. Kuanguka katika mtihani hutokea, hata kwa waliosoma. Kilichotuumiza ni swali alilokuja nalo: «Mwalimu, nilikuwa na shaka siku gani?» Alikuwa akitafuta katika siku zake saa ile aliyowaza vibaya, kama mtu anayetafuta dhambi. Karatasi ile tulimpa sisi.

Baadaye tulisoma kazi za Gabriele Oettingen, mtaalamu wa saikolojia aliyezaliwa Ujerumani. Aliwafuata vijana waliomaliza chuo na kutafuta kazi. Wale waliojaza akili kwa ndoto tamu za kazi watakayoipata walituma barua chache zaidi, wakapata kazi chache zaidi, na mshahara mdogo zaidi. Wale waliotarajia mema kwa kuangalia waliyokwisha kuyafanya walikwenda vizuri. Ndoto tamu inashibisha mapema. Mwili unatulia kana kwamba umekwisha kufika. Kila mama anayepika anajua: ukionja sana sufuriani, mezani huna njaa.

Lakini jeraha kubwa la fundisho hili liko kwa wanaoteseka. Likisema kwamba kila tunachokipata tumekivuta kwa mawazo na maneno yetu, basi mama aliyezika mtoto alimvuta mauti. Aliyekimbia kijiji chake usiku, na katika mkoa wetu hao ni wengi, alikivuta kile kilichomkimbiza. Nani atakwenda kumwambia? Ayubu aliambiwa mambo ya namna hiyo na rafiki zake watatu, na mwishoni Mungu aliwakemea rafiki, si Ayubu.

Sasa, kupambanua. Neno hili linatutisha, tunadhani ni karama ya manabii peke yao. Paulo anaitaja kama karama, ni kweli, lakini aliwaandikia pia Wathesalonike wote wajaribu mambo yote na kulishika lililo jema, na Yohana anawaambia waumini wa kawaida wazijaribu roho. Tunapopima unga wa muhogo sokoni hatumtukani mwuzaji.

Mfano uliotusaidia kuliko yote ni ule wa Yeremia 28. Watu wa Yuda walikuwa wamechukuliwa mateka Babeli. Nabii Hanania anasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, anatangaza kwamba katika miaka miwili mateka na vyombo vya hekalu vitarudi. Anavunja nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, ili kila mtu aone. Ni ujumbe mzuri sana, nani angeukataa? Yeremia anafanya nini? Anasema Amina, Bwana na afanye hivyo! Yeye pia alitamani. Anakumbusha tu kwamba nabii wa amani anajulikana neno lake likitimia, kisha anakwenda zake. Hajibu siku ile. Neno lilimjia baadaye, nalo lilikuwa gumu: Hanania amewatumainisha watu uongo, na mwaka huo huo akafa. Katika sura ya 29 Yeremia anawaandikia mateka barua: wajenge nyumba huko huko, wapande bustani, waoze watoto, wauombee amani mji ule, kwa maana miaka itakuwa 70. Mtu angeweza kusema ni barua isiyo na imani. Lakini waliopanda bustani walikula.

Tumejifunza kwake kwamba haraka si alama ya Roho. Neno lisilokubali kungoja wiki moja, wala kuulizwa na wengine, lichungulie mara mbili. Uangalie pia pesa zinakwenda wapi, na kama anayetoa unabii ndiye anayepokea bahasha.

Mama wetu Wakatoliki katika kikundi walituletea mfano mwingine, wa Ignasi wa Loyola. Mwaka wa 1521 alivunjika mguu vitani Pamplona, akalala miezi nyumbani. Aliwaza sana juu ya mwanamke wa heshima na sifa za askari, na kuwaza huko kulikuwa kutamu. Lakini kukipita, moyo ulibaki mkavu. Akiwaza juu ya kumfuata Kristo kama watakatifu aliosoma habari zao, utamu ulibaki hata baadaye. Hakuziangalia ndoto zenyewe tu, aliangalia zinamwacha katika hali gani. Tulimuuliza mama wa kaye swali hilo hilo tulipokwenda kumwona siku ya nne. Ukimaliza kuandika mara tisa usiku, unalala? Alikaa kimya muda mrefu. Alisema, «Halafu ninaogopa. Ninaogopa kwamba nimekosea hesabu.»

Hatukumwambia aache kuomba nyumba. Tuliomba naye. Mzee wetu mmoja, ambaye hakusoma sana, aliomba hivi: Bwana, unajua mlima ule, mpe pa kulala, na utupe akili.

Siku ya posho alikuja amechelewa. Alikuwa ametuma ujumbe kwa mhubiri, amwulize kama mbegu inaweza kungoja mpaka tutakapogawana sanduku mwishoni mwa mzunguko. Jibu alilopokea lilikuwa namba ya kutumia pesa na neno «leo». Alituonyesha telefone, hakusema kitu. Akaomba mkopo wa dola 60 za sambaza, tukampa, akatia sahihi.

Kaye anayo bado. Nyumba ya bati la buluu iko ukurasa wa kwanza, hakuna aliyemwambia aibandue. Kurasa za nyuma sasa zina bei ya beseni, nauli, chumvi, na kilichobaki.

Yule mama aliyesema Amina kwa sauti hajarudi tangu siku ile. Alisema tunamzimisha Roho. Hisa zake ziko sandukuni, zimeandikwa, na wawili wetu watapanda kwake siku ya tano.