KUMBUKUMBU ILIYOFUTWA KATIKA KOMPYUTA HUWEZA KUREJESHWA

Hutokea mwananchi akafika afisini na kujibiwa kuwa jina lake halionekani katika kompyuta. Jibu hilo huzusha khofu, hasa kwa mstaafu anayesubiri kiinua mgongo chake. Inafaa ieleweke kuwa kutoonekana si lazima kuwe ni kupotea.

Mifumo ya mtandao inayohifadhi kumbukumbu hufuta kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kuiondoa kumbukumbu kabisa, na hapo haipatikani ila katika nakala ya akiba. Namna ya pili ni kuificha. Mathalani, mifumo iliyojengwa kwa Laravel, programu iliyotolewa mwaka 2011 na Taylor Otwell wa Marekani, huweza kuwekewa safu ya tarehe ya kufutwa katika jedwali lake. Kumbukumbu ikiwa hai, safu hiyo huwa tupu. Ikifutwa, huandikwa tarehe na saa, na tokea hapo mfumo huiacha nje ya orodha ya kawaida. Kuirejesha ni kuiondoa tarehe hiyo tu. Jina, nambari na maelezo mengine hubaki kama yalivyokuwa.

Hata hivyo, urejeshaji una masharti yake. Kwanza, mtumishi asimwandikishe mtu upya kabla ya kutazama zilizofichwa. Akifanya hivyo, mtu mmoja huwa na kumbukumbu mbili. Na pale nambari isiporuhusiwa kujirudia, mfumo huikataa, kwani kumbukumbu iliyofichwa bado inaishikilia.

Pili, kurejeshwa kwa kumbukumbu kuu hakurejeshi peke yake zile zilizoambatana nayo. Jina la mstaafu laweza kurudi bila ya orodha ya warithi wake, iwapo nayo ilifichwa.

Tatu, mfumo huweza kupangiwa kuziondoa kabisa kumbukumbu zilizofichwa baada ya muda maalumu. Hivyo basi, kuchelewa ni hasara.

Mwananchi ambaye jina lake halionekani anashauriwa aombe itazamwe orodha ya zilizofutwa, na afike na vielelezo vyake. Mtumishi naye amwarifu mara moja msimamizi wa mfumo, na baada ya kurejeshwa ailinganishe kumbukumbu hiyo na jalada la karatasi kabla ya malipo kuidhinishwa. Haki ya mtu isipotee kwa kubonyezwa kitufe kimoja.