Mtani Anapolala Kaburini

Anayesoma mawasiliano baina ya tamaduni chuoni hakosi kukutana na Geert Hofstede, Mholanzi aliyezipa tamaduni alama kwa kutumia hojaji zilizojazwa na wafanyakazi wa IBM. Katika majedwali yake Tanzania, Kenya, Zambia na Ethiopia zimetiwa kapu moja. Mmakonde na Mwamhara, alama ileile! Hilo lingesameheka. Zito zaidi ni dhana iliyobeba vitabu vingi vya aina hiyo: kwamba wageni wakikutana hatari ni kuudhiana, na elimu ni kujua cha kuepuka.

Utani wa makabila huanzia kwingine kabisa. Wahehe na Wangoni walipigana vikali kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870. Leo ni watani: Mhehe akiingia ofisini kwa Mngoni ataulizwa habari za kitoweo cha mbwa, naye atauliza ni nani hasa aliyekimbia vitani. Vita havijasahauliwa, ila sasa vinapiganwa kwa maneno, na atakayenuna ndiye aliyeshindwa. Utani mwingine unahusishwa na njia za misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakiteremka Bagamoyo walipita Uzaramo, wakahitaji maji, chakula, malazi, na watu wa kuwazika wakifia ugenini.

Ndiyo maana utani hasa utauona msibani. Mtani hujilaza kaburini akagoma kutoka mpaka alipwe. Humwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, wafiwa wakajikuta wanacheka huku machozi yanawatoka. Mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown, aliyeandika juu ya mahusiano haya mwaka 1940, aliona humo urafiki na uhasama vikichanganywa makusudi. Ni kweli, ila mimi ningeanza na kazi. Ruhusa ya kukejeli hulipiwa kwa jembe: mtani huyohuyo ndiye anayetarajiwa kuchimba kaburi, kupika na kufagia uwanja wakati wenye msiba hawajiwezi.

Kwa hiyo utani si leseni ya kila mtu. Mkuu wa kazi anayedhihaki kabila la karani wake, pasipo utani baina yao, anatukana tu, hata akimalizia kwa kicheko. Utani hauko kwetu tu: Niger iliupeleka wake UNESCO, ukaingizwa mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kwetu mjini, ambako makaburi huchimbwa na vibarua, watani wengi wamebaki na mzaha peke yake, na sina hakika kama huo bado tuuite utani.