Betri Mpya, na Gari Bado Haliwaki

Jirani yangu hapa Mombasa alinunua betri mbili katika miezi minne, na bado alfajiri gari haliwaki. Siku ya kumpeleka mamake kliniki, tukalisukuma.

Betri hazikuwa na kosa. Umeme ulikuwa ukivuja usiku, na fundi aliyemuuzia ile ya pili hakutoa mita hata mara moja.

Kupima ni hivi: zima kila kitu, fungua waya wa hasi, unganisha mita ya ampea kati ya waya huo na betri, funga milango, subiri nusu saa. Usiwashe gari mita ikiwa pale, utaiunguza. Magari mengi yaliyozimwa hunywa chini ya miliampea 50. La jirani lilikunywa ampea 3!

Tukachomoa fyuzi moja moja. Ilipotoka ya taa za ndani, mita ikashuka. Tukaufuata waya wake hadi kwenye bawaba ya buti: ganda limelika, shaba imekuwa kijani kwa chumvi ya bahari, na kupitia kutu inagusa bodi. Fyuzi ilikuwa ya ampea 10, ndiyo maana haikukatika.

Tukaunga kipande kipya cha waya, tukakizungushia utepe. Kesho yake gari likawaka kwa mshiko mmoja.