Mafuta ya Mawese Huganda kwa Baridi: Je, Mwilini Nako Huganda?

Mafuta ya mawese yanapotoka Kyela huwa maji. Ukitikisa dumu utayasikia yakicheza ndani. Gari linapanda Tukuyu, linapita Uyole, linafika Mbeya jioni. Asubuhi mwenye mzigo anafungua dumu, anakuta mafuta yamekuwa mazito kama uji, na chini kabisa yamefanya donge. Ikiwa ni mwezi wa Juni au Julai, hata kumiminika hayamiminiki.

Hapo ugomvi huanza. Mnunuzi mmoja husema amepunjwa, mafuta yametiwa kitu. Mwingine husema mafuta haya ni ya hatari. Yakiganda kwenye dumu, asema, yataganda pia kwenye mishipa ya damu.

Kuganda peke yake si dalili ya udanganyifu. Kule Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, joto hupita nyuzi 30 za sentigredi wakati wa joto. Mbeya iko juu milimani, na usiku wa Juni na Julai baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mafuta ni yale yale. Hali ya hewa ndiyo iliyobadilika. Weka dumu ndani ya sufuria ya maji ya moto kiasi, mafuta yatalainika tena. Kisha yatikise vizuri kabla ya kuyagawa, maana anayepewa ya juu tu na anayepewa ya chini tu hawakupata mafuta sawa.

Sasa tuje kwenye jambo la mishipa. Kwanza tujue kwa nini mafuta haya huganda na mengine hayagandi.

Mafuta yote yamejengwa kwa vipande vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Fikiri vipande hivyo ni kuni. Kuni zilizonyooka ukizifunga mzigo hulala pamoja, zikabanana. Kuni zilizopindapinda hazibanani, huacha nafasi katikati. Mafuta yenye vijiti vingi vilivyonyooka huganda upesi, kama mafuta ya ng'ombe. Yenye vijiti vingi vilivyopinda hubaki maji, kama mafuta ya karanga, ya alizeti na ya samaki. Mawese yako katikati: karibu nusu ya vijiti vyake vimenyooka na karibu nusu vimepinda. Ndiyo maana Kyela ni maji na Mbeya ni donge.

Wachinjaji wa ng'ombe wanaweza kuliona jambo hili kwa macho yao. Mafuta yanayozunguka figo huganda yakawa magumu kabisa. Lakini mafuta yanayotoka kwenye mifupa ya miguu, karibu na kwato, hubaki maji. Figo ziko ndani penye joto, na miguu hukanyaga umande na tope la baridi. Mwili wa ng'ombe umeweka kila mahali mafuta yanayopafaa. (Supu ya makongoro ikiganda, hayo si mafuta. Ni ute wa ngozi na kano uliochemka.)

Na sisi je? Mwili wa mtu umejengwa kwa seli, yaani chembe hai ndogo mno. Kila seli imezungukwa na utando. Utando huo ni mwembamba hivi kwamba ungepanga zaidi ya tando 100,000, moja juu ya nyingine, ndipo upate unene wa milimita moja. Umejengwa kwa safu mbili za mafuta, na ndani ya mafuta hayo mna protini zinazopitisha chakula, chumvi na habari kutoka nje kwenda ndani. Mwaka 1972 wataalamu wawili wa Marekani, S. J. Singer na Garth Nicolson, walieleza kwamba utando huu si ukuta mkavu. Ni laini, na protini zake huweza kuelea na kusogea, kama mitumbwi majini.

Utando ukiwa mgumu mno, kazi hiyo hukwama. Ukiwa mlegevu mno, huvuja. Kwa hiyo mwili hauuachi uende utakavyo. Huchanganya vijiti vilivyonyooka na vilivyopinda kwa kipimo. Tena hutia lehemu, ambayo waganga huiita kolesteroli. Wengi wetu tumesikia lehemu ikitajwa kwa ubaya tu, lakini bila hiyo hatuishi. Joto likizidi, lehemu huuzuia utando usilegee. Baridi ikizidi, hukaa katikati ya vijiti na kuvizuia visibanane. Samaki wa maji baridi wana njia nyingine: maji yakipoa, huongeza vijiti vilivyopinda kwenye tando zao.

Hebu tazama seli nyekundu ya damu. Huishi kama siku 120, na kila mara hupita kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe. Hupitaje? Hujikunja, kisha hukunjuka. Kijidudu cha malaria kinapoingia ndani yake, seli hiyo hukakamaa na kunata kwenye kuta za mishipa. Damu hushindwa kupita vizuri, hata kwenye ubongo. Hiyo ni sababu moja ya malaria kali kumfanya mtoto adegedege na kupoteza fahamu. Bonde la Kyela lina mbu wengi. Mtoto akipata homa, mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo akapimwe damu.

Turudi kwenye mawese. Ukiyala, hayaingii kwenye damu kama yalivyo kwenye dumu. Joto la mwili ni nyuzi 37, na kwa joto hilo mawese huwa karibu yote yameyeyuka. Tena nyongo huyavunja kuwa matone madogo sana tumboni, kama sabuni inavyovunja mafuta kwenye sahani. Kisha mwili huyafungasha pamoja na protini na kuyasafirisha. Hakuna donge linaloganda njiani.

Hata hivyo, anayeogopa hakukosea kabisa. Mtu akila vijiti vilivyonyooka kwa wingi kila siku, lehemu katika damu huongezeka. Lehemu hiyo hujipenyeza kidogo kidogo kwenye kuta za mishipa, miaka na miaka, mpaka njia ya damu inakuwa nyembamba. Huko ndiko kunakotoka maradhi ya moyo na kiharusi. Kwa hiyo mwenye presha, au mwenye sukari, apunguze mawese na mafuta ya nyama, na atumie zaidi ya alizeti au karanga. Mafuta magumu yaliyogandishwa kiwandani ndiyo ya kuogopwa zaidi. Kuna namna ya kuyagandisha inayobadilisha vijiti vilivyopinda vikawa vimenyooka, na Shirika la Afya Duniani lilitoa wito mwaka 2018 yaondolewe kwenye vyakula duniani kote.

Mtoto mdogo ni habari nyingine. Wekundu wa mawese ndio unaompa vitamini A ya macho. Kijiko kidogo kwenye uji wake ni chakula kizuri. Ila msiyachome mpaka wekundu upotee, maana vitamini nayo hupotea. Na ubongo wake unaokua unahitaji pia mafuta yale yaliyopinda sana, ambayo yamo ndani ya usipa wa ziwa letu. Mama anaweza kutwanga usipa wakavu na kuwatia kwenye uji au mboga.

Lakini usipa wana shida yao. Pale kijiti kilipopinda ndipo hewa hukishambulia, na mafuta yakachacha. Ndiyo maana usipa waliokaa wazi siku nyingi hunuka ukali na kuwasha koo, wakati mawese hudumu. Waanikeni juu ya kichanja, si mchangani. Wakishakauka vizuri wawekeni kwenye chombo chenye kifuniko, mahali penye kivuli, na mnunue wa siku chache tu kwa wakati mmoja.