Kiangazi: Jinsi jerikani iliyoinuliwa inavyoweza kumwagilia mimea ya ndani bila umeme

Mvua za masika zinapokoma na kiangazi cha Juni hadi Agosti kuanza, mimea iliyopandwa katika vyungu ndani ya nyumba huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kusahauliwa. Ipo hata hivyo njia rahisi ya kuinywesha kidogo kidogo, usiku na mchana, hata wenye nyumba wanapokuwa safarini. Njia hiyo haihitaji pampu wala umeme, bali hutegemea jambo moja tu: maji hushuka yenyewe kutoka juu kwenda chini.

Katika vitongoji kama Nyamirambo mjini Kigali na Buyenzi mjini Bujumbura, ambako Kiswahili kimezungumzwa kwa vizazi kadhaa, nyumba zimesongamana na si kila familia ina uwanja wa kulima. Giligilani, mchaichai, pilipili na mchicha huoteshwa katika makopo na vyungu karibu na dirisha. Familia inapoondoka kwa ajili ya msiba, harusi au sikukuu, juma moja linatosha kuiua mimea iliyotunzwa kwa miezi. Mmea wa shambani huteremsha mizizi kutafuta unyevu wa chini, lakini ule wa kwenye chungu hauna pa kwenda, kwa kuwa akiba yake yote ni konzi chache za udongo.

Nguvu ndogo inayotosha

Maji yaliyo katika chombo kilichoinuliwa husukumwa na uzito wake yenyewe. Maji yaliyosimama kimo cha mita 10 huleta mgandamizo wa takriban baa 1, na ya mita 1 huleta sehemu moja tu ya kumi ya hapo. Nguvu hiyo ni hafifu kwa bomba la kuogea, lakini inatosha kabisa kutoa matone.

Wakulima wadogo wa Afrika Mashariki wanaifahamu njia hii. Nchini Kenya, katika miaka ya 1990, taasisi ya utafiti wa kilimo, KARI, ilieneza matumizi ya ndoo ya lita 20 iliyowekwa takriban mita 1 juu ya ardhi na kuunganishwa na mipira yenye matundu ya kudondoshea maji kwenye bustani za mboga. Kinachofanyika ndani ya nyumba ni kazi hiyo hiyo kwa kipimo kidogo zaidi.

Kuanza na kiu ya mmea

Kosa la kawaida ni kukimbilia kutoboa jerikani kabla ya kujua mmea unakunywa kiasi gani. Kipimo hupatikana kwa siku tatu. Kila asubuhi maji humwagwa kwa kikombe kinachojulikana ujazo wake hadi udongo ulowane bila maji kutoka chini ya chungu, kisha kiasi hicho huandikwa. Jumla ya siku tatu ikigawanywa kwa tatu, ndiyo kiu ya mmea kwa siku.

Tuseme chungu cha pilipili kimeonekana kuhitaji mililita 250 kwa siku. Vyungu vinne vya namna hiyo hutumia lita 1. Jerikani ya lita 20 ingetosha siku 20 kwa hesabu ya karatasi, lakini ni busara kutegemea majuma mawili tu, kwa sababu maji ya chini kabisa hubaki na mwendo wa matone haukai sawa siku zote.

Mshubiri na dungusi havifai kuunganishwa katika mpango huu. Mimea hiyo hupenda udongo ukauke kati ya kunyweshwa na kunyweshwa, na matone yasiyokoma huiozesha mizizi.

Vifaa na uundaji

Vinavyohitajika ni jerikani isiyopitisha mwanga, gundi ya silikoni, kitambaa safi, na mpira wa dripu mmoja kwa kila chungu. Mipira hiyo huuzwa katika maduka ya dawa, na faida yake ni kwamba huja na kigurudumu cha kupunguzia mwendo pamoja na kichupa kinachoonyesha matone. Inunuliwe mipya iliyofungwa. Iliyokwisha kutumika kwa mgonjwa ni taka hatari, na haipaswi kuingizwa nyumbani kwa sababu yoyote.

Jerikani hutobolewa upande mmoja, sentimita 2 au 3 juu ya kitako, ili uchafu unaotuama chini usiingie kwenye mpira. Tundu liwe dogo kidogo kuliko ncha ya mpira, ili ncha iingie kwa kubana. Gundi hupakwa kuzunguka ncha na kuachwa ikauke siku nzima. Kisha jerikani hujazwa maji yaliyochujwa kwa kitambaa na kuachwa saa kadhaa mahali ambapo uvujaji hautaleta hasara.

Kifuniko kisikazwe kabisa. Maji yanapotoka, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Ikizuiwa, matone hupungua na hatimaye hukoma, ingawa jerikani bado imejaa. Kitambaa chepesi kilichofungwa mdomoni huruhusu hewa na kuzuia wadudu.

Ncha ya chini ya mpira hufungwa kwenye kijiti kilichochomekwa katika chungu, sentimita chache juu ya udongo. Ikizikwa, chembe za udongo huiziba.

Kuhesabu matone

Kwa mipira mingi ya kawaida, matone 20 ni sawa na mililita 1, na kipimo hicho huandikwa kwenye pakiti. Mililita 250 basi ni matone 5,000. Siku ina sekunde 86,400, hivyo tone moja linapaswa kudondoka kila baada ya sekunde 17 hivi. Kigurudumu hurekebishwa polepole huku saa ikiangaliwa. Kwa kuwa plastiki iliyobanwa hubadilika umbo taratibu, hesabu irudiwe baada ya saa moja, na tena siku ya pili.

Kimo cha jerikani nacho kina uzito mkubwa. Kasi ya maji katika mpira mwembamba hufuata, kwa makadirio, umbali kati ya uso wa maji na ncha ya mpira. Tuseme maji ndani ya jerikani yana kimo cha sentimita 30. Kama kitako chake kiko mita 1 juu ya ncha, umbali huo hupungua kutoka sentimita 130 hadi 100 maji yanapokwisha, yaani chini ya robo. Lakini kama kitako kiko sentimita 20 tu juu ya ncha, umbali hupungua kutoka sentimita 50 hadi 20, na matone hupungua kwa zaidi ya nusu. Mimea iliyoshiba siku ya kwanza itakuwa na kiu siku za mwisho.

Hata hivyo, lita 20 za maji ni kilo 20. Rafu dhaifu haifai, wala kiti ambacho mtoto anaweza kukivuta. Waya na soketi za umeme zisiwe chini ya jerikani, kwani gundi ikiachia, maji yote huishia sakafuni.

Chupa iliyopinduliwa

Kwa asiye na jerikani au mipira, ipo njia fupi zaidi. Chupa iliyojaa maji hupinduliwa na kuegemezwa kwa uthabiti ndani ya kisahani cha chungu, mdomo wake ukiwa sentimita 1 juu ya kitako cha kisahani. Maji hutoka hadi yanapoufunika mdomo, kisha husimama, kwa kuwa hewa haiwezi tena kuingia. Udongo unapoyavuta maji kupitia matundu ya chini ya chungu, mdomo hufunuka, hewa huingia, na maji mengine hushuka. Mmea hunywa kadiri unavyohitaji, bila mtu kuhesabu chochote.

Chupa hiyo isiwekwe kwenye jua kali. Hewa iliyo ndani ikipata joto hutanuka na kuyasukuma maji nje, hata kisahani kikafurika.

Tahadhari kuhusu mbu

Maji yaliyotuama ndani ya nyumba yana hatari yake. Mbu wanaoeneza malaria hutaga zaidi katika madimbwi na mabwawa, lakini mbu aina ya Aedes aegypti, anayeeneza homa ya dengi na anayeuma mchana, hupenda vyombo vidogo kama visahani vya maua. Katika hali ya joto, yai lake huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10. Mayai hayo hung'ang'ania ukingoni mwa chombo na yanaweza kustahimili ukavu kwa miezi.

Kwa sababu hiyo, kumwaga maji hakutoshi. Kisahani kisuguliwe kwa brashi kila juma. Kwa safari inayozidi juma moja, njia ya matone ni salama zaidi kuliko ya chupa, mradi mdomo wa jerikani umefunikwa na visahani havikusanyi maji.

Kujaribu kabla ya kuondoka

Mpango wowote kati ya hii ujaribiwe siku tatu wenyewe wakiwa bado nyumbani. Kidole kikiingizwa udongoni hadi kiungo cha pili, udongo uwe na unyevu bila kuwa tope. Majani kuwa ya njano au kulegea si dalili ya kiu pekee, maana mizizi iliyozama katika maji hukosa hewa na kuonyesha dalili zile zile. Anayeongeza maji bila kugusa udongo huenda anaumaliza mmea anaotaka kuuokoa.

Katika miezi ambayo maji ya bomba huja kwa mgao na jerikani hununuliwa kwa fedha, faida ya njia hii haiishii kwa wasafiri. Tone linalotua karibu na shina huingia udongoni, ilhali maji yanayomwagwa kwa wingi hupita upesi na kutokea chini. Jerikani ile ile iliyokuwa ikiisha kwa siku chache huweza kuilisha mimea ya dirishani kwa majuma mawili.